Umeumia uti wa mgongo na sasa unarudi nyumbani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Hospitali kuna zamu. Kuna muuguzi anayekuja saa nane za usiku kukugeuza bila kuombwa, kuna anayepima mkojo, kuna anayekumbuka dawa. Ukifika nyumbani, kazi yote hiyo inabaki kwako na kwa mtu mmoja au wawili wanaokupenda lakini hawajasomea uuguzi. Mwongozo huu nimewaandikia nyote, aliyeumia na anayemsaidia. Mimi mwenyewe natumia kiti cha magurudumu, na ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayotamani kila anayeruhusiwa kutoka wodini ayajue kabla hajafika mlangoni kwake.

Tuanze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Watu wakisikia uti wa mgongo umeumia hufikiria miguu. Lakini njia ileile ya fahamu iliyokuwa ikipeleka amri miguuni ndiyo iliyokuwa ikirudisha habari: umekaa vibaya, maji ni ya moto, kibofu kimejaa, kidole kimebanwa. Njia hiyo ikikatika, habari hazifiki kwenye ubongo, au zinafika nusunusu. Kazi iliyokuwa ikifanywa na hisia bila wewe kujua sasa inafanywa na macho, mikono na saa ya ukutani. Na anayeishika ratiba awe wewe mwenyewe. Hata kama mikono haisogei, mdomo unaweza kusema: sasa nigeuzeni, sasa niangalieni kisigino cha kushoto.

Kabla ya miaka ya 1940, wengi walioumia uti wa mgongo walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa figo zilizoharibiwa na maambukizi ya mkojo, wala si kwa jeraha lenyewe. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alianza kuongoza kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti uliokatika. Alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, vibofu vyao vitunzwe kwa usafi, watoke kitandani na wafanye kazi na michezo. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, na kutoka hapo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Nalitaja hili kwa sababu wengi hungoja jambo kubwa liwaokoe, wakati kilichowaokoa watu ni kugeuzwa kwa wakati.

Hatua ya kwanza: kabla hujaruhusiwa

Usiondoke wodini bila karatasi moja yenye mambo haya: jeraha liko pingili gani (herufi C ni za shingo, T za kifua, L za kiuno), kama uti umeathirika kabisa au kwa sehemu, presha yako ya kawaida ni ngapi ukiwa umekaa, dawa zote na vipimo vyake, aina na namba ya mpira wa mkojo unaotumia, na kama una mzio, hasa wa glovu na vifaa vya mpira. Presha iandikwe kwa sababu mtu aliyeumia shingoni au juu ya kifua mara nyingi huwa na presha ya chini, namba ya juu ikicheza kati ya 90 na 110. Daktari asiyekujua akikukuta na 140 anaweza kusema ni ya kawaida, kumbe kwako ni hatari. Nitalirudia hili mbele.

Halafu, anayekwenda kukusaidia nyumbani afanye kila kitu kwa mikono yake mwenyewe mbele ya muuguzi: kukuhamisha, kuweka mpira wa mkojo, kukusaidia haja kubwa, kukagua ngozi. Kutazama hakutoshi. Kama hospitali inaruhusu ulale nyumbani usiku mmoja kisha urudi, fanyeni hivyo. Usiku huo mmoja utawaonyesha mlango usiopitika na kitanda kilicho juu mno wakati bado mna wa kumwuliza.

Hatua ya pili: nyumba

Pima kiti kwanza, ndipo upime nyumba. Mlango wenye upana wa sentimita 80 hupitika kwa viti vingi. 90 ni raha zaidi, hasa kama kuna kona mbele yake. Ili kiti kigeuke mzunguko mzima panahitajika nafasi ya kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Njia ya mteremko ya kuingilia ndani isiwe kali: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, weka sentimita 12 za urefu. Kizingiti au ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180. Mwinuko mkali kuliko huo utakufanya umtegemee msukumaji kila siku, na siku ya mvua utawaangusha nyote wawili.

Kama nguvu za kubadilisha nyumba ni ndogo, anzeni na choo na bafu. Sebule inaweza kungoja. Mlango wa choo unaofunguka kwa ndani ugeuzwe ufunguke kwa nje, au uondolewe kabisa na pawekwe pazia zito. Kitanda kiwe na kimo sawa na cha kiti, maana kuhama kwenda mahali palipo juu kunachosha mabega kuliko watu wanavyodhani. Toeni mazulia madogo sakafuni. Swichi, ndoo, mswaki, simu na dawa vishuke mpaka mkono unapofika. Kisha kaeni mfikirie moto ukitokea: unatoka wapi, na nani anakuja kwako kwanza?

Hatua ya tatu: ngozi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kidonda cha kulalia huanza kimya na kinaweza kukulaza miezi.

Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro au kiti hukosa damu. Mtu mwenye hisia hujisogeza bila kufikiri. Wewe hutasikia, kwa hiyo nyama inaanza kufa ndani, karibu na mfupa, kabla juu hapajaonekana kitu. Ndiyo maana kidonda kinachoonekana kidogo kama kucha huweza kuwa na shimo kubwa chini yake.

Kagua ngozi asubuhi kabla ya kutoka kitandani na usiku kabla ya kulala. Tumia kioo chenye mpini mrefu, au kamera ya simu, au macho ya msaidizi. Tazama juu ya mfereji wa makalio, mifupa miwili ya kukalia, nyonga pande zote, visigino, vifundo vya miguu, magoti kwa ndani yanapogusana, viwiko, na kisogo kama unalala chali muda mrefu. Wanaume wakague na korodani, maana hubanwa na nguo bila mtu kujua. Kwenye ngozi nyeupe alama huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, au inayong'aa, kisha uiguse kwa upande wa nje wa vidole. Je, ni ya moto kuliko pembeni? Imekuwa ngumu, au imelegea kama imejaa maji?

Ukiona alama, ondoa mgandamizo hapo na utazame tena baada ya nusu saa. Ikiwa bado ipo, usikalie wala kulalia sehemu hiyo hadi ipotee kabisa, hata kama kuna sherehe, hata kama umeahidi kwenda mahali. Usiisugue wala kuikanda, kwa kuwa nyama iliyokosa damu huchanika ikisuguliwa. Ngozi ikishafunguka, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ukiwa kwenye kiti, punguza uzito makalioni kila baada ya dakika 15 hadi 30. Njia niipendayo ni kuinama mbele mpaka kifua kikaribie mapaja, ukae hivyo kama dakika mbili, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine. Wengi wamefundishwa kujiinua kwa mikono. Hilo hudumu sekunde chache tu, damu haipati muda wa kurudi vizuri, na mabega ndiyo yanayolipa. Asiyeweza kuinama aombe kiti kinacholala nyuma, au msaidizi amwinamishe. Weka kengele kwenye simu mpaka mwili uzoee.

Kitandani geuka kila saa mbili mwanzoni. Baadaye, ngozi ikionyesha inavumilia, unaweza kurefusha muda polepole huku ukikagua kila asubuhi. Ukilala ubavu, usilale wima juu ya mfupa wa nyonga. Egemea nyuma kidogo juu ya mto. Visigino vining'inie hewani, mto ukiwa chini ya shavu la mguu. Mto wa kiti wenye tundu katikati kama donati usiutumie, kwani unabana damu kuzunguka tundu hilo.

Mengine ni madogo ya kila siku, na ndiyo yanayotoboa watu. Kalamu iliyodondoka kitini. Mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi, na ule mshono mnene unaopita katikati. Kunjo la shuka. Viatu vipya vilivyobana: nunua vyenye nafasi ya ziada, maana miguu huvimba kufikia jioni. Kabla hujakaa, pitisha kiganja juu ya mto wa kiti, na ukishakaa pitisha mkono chini ya mapaja kunyoosha nguo. Sahani ya moto au kompyuta isiwekwe mapajani hata kwa dakika moja. Maji ya kuoga yapimwe kwa sehemu ya mwili yenye hisia au na mtu mwingine.

Ukivuta sigara, acha: inabana mishipa midogo ya damu ambayo ngozi yako inaitegemea.

Hatua ya nne: kibofu

Kibofu kinachojaa kupita kiasi husukuma mkojo kurudi juu kwenye figo. Mgonjwa hasikii maumivu, na figo zinaharibika taratibu. Lengo ni kibofu kumwagwa kwa wakati na kisiwe na mgandamizo mkubwa.

Kwa mtu mwenye mikono inayofanya kazi, njia inayopendekezwa zaidi ni kuingiza mpira mwenyewe, kumwaga mkojo na kuutoa, kila baada ya saa 4 hadi 6. Kila mara mkojo usizidi mililita 500. Ukipima ukakuta umezidi, ongeza idadi ya mara au punguza kunywa usiku. Usipunguze maji ya mchana ili kukwepa usumbufu, kwa sababu mkojo mzito hukaribisha maambukizi na mawe. Gawa maji yako sawasawa mchana kutwa.

Utaratibu ni huu. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha tundu la mkojo, na kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma. Paka mpira kilainishi cha maji. Ingiza taratibu mpaka mkojo uanze kutoka, kisha sukuma sentimita mbili au tatu zaidi. Ngoja uishe. Vuta polepole, na mkojo ukianza tena, simama ungoje. Mpira ukigoma njiani, usilazimishe, msuli umekaza. Vuta pumzi, subiri, jaribu tena kwa utulivu. Ukiendelea kugoma, au damu ikitoka nyingi, nenda hospitali. Mpira uliotengenezwa wa kutumika mara moja utupwe.

Wenye mpira unaokaa ndani, uwe umepitia njia ya kawaida au tumboni juu ya kinena, wahakikishe mfuko uko chini ya kibofu muda wote, mrija haujakunjika wala kukaliwa na paja, na mpira unabadilishwa kwa tarehe waliyopewa. Ufungwe pajani kwa ukanda usiobana, ili usivutike.

Kuhusu maambukizi, hapa dawa nyingi hutumika ovyo. Anayetumia mpira wa mkojo karibu daima atakuwa na bakteria kwenye mkojo. Mkojo kuwa na ukungu au harufu peke yake si sababu ya antibayotiki. Kunywa maji, mwaga kwa wakati, tazama siku inayofuata. Homa, baridi kali, mwili kuchoka ghafla, mkojo kuvuja kuliko kawaida, miguu kuanza kukakamaa kupita siku zote, maumivu ya mgongo au tumbo: hizo ndizo dalili za kwenda kupimwa. Omba mkojo uoteshwe maabara kabla ya dawa kuanza, ili upewe inayofaa. Antibayotiki za kila mara zitakuacha na wadudu wasiosikia dawa.

Hatua ya tano: haja kubwa

Hakuna kinachowafungia watu ndani kama hofu ya kujichafua mbele za wengine. Dawa yake ni saa isiyobadilika.

Chagua wakati mmoja, kila siku au siku moja baada ya nyingine, nusu saa hivi baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Kinywaji cha moto husaidia. Kaa kwenye kiti cha choo chenye sponji ukiweza, maana kukaa wima kunashusha kinyesi. Anayelala alale ubavu wa kushoto.

Yanayofuata yanategemea jeraha. Ikiwa liko juu, shingoni au kifuani, njia ya nyuma kwa kawaida bado ina msuli unaojikaza wenyewe na huitikia kuguswa. Ingiza dawa ya njia ya nyuma iguse ukuta wa utumbo, isichomekwe ndani ya kinyesi kwa kuwa hapo haitafanya kazi. Baada ya hapo, kidole chenye glovu na kilainishi kizungushwe taratibu kwa sekunde 15 hadi 20, kisha ungoje dakika 5 hadi 10, urudie mpaka paishe. Ikiwa jeraha liko chini kabisa na msuli umelegea, kuzungusha hakusaidii. Kinyesi hutolewa kwa kidole, na mara nyingi inabidi kufanya hivyo kila siku. Wa kwanza anataka kinyesi laini kilichoshikana, wa pili kigumu kidogo. Kucha ziwe fupi.

Mkibadilisha kitu, badilisheni kimoja tu, chakula au dawa au saa, na mkipe awamu tatu hadi tano kabla ya kuhukumu. Na kuharisha ghafla baada ya siku kadhaa bila choo kunaweza kuwa ni maji yanayopita pembeni ya kinyesi kilichoziba. Ukimeza dawa ya kuzuia kuharisha hapo, unazidisha tatizo.

Hatua ya sita: kichwa kikigonga ghafla

Sehemu hii inawahusu walioumia pingili ya sita ya kifua, T6, au juu yake. Ibandikeni ukutani.

Kitu kikikera mwili chini ya jeraha, mwili hujibu kwa kubana mishipa ya damu, na ubongo unashindwa kupeleka amri ya kuilegeza. Presha inapanda kwa kasi. Madaktari huiita disrefleksia, na inaweza kusababisha kiharusi. Dalili zake: kichwa kugonga kwa nguvu, uso na shingo kuwaka na kutoka jasho, pua kuziba, vinyweleo kusimama, macho kuona ukungu, wasiwasi usio na sababu. Presha ikizidi ile ya kawaida yako kwa 20 hadi 40, ndiyo hiyo.

Fanyeni haya, kwa mpangilio huu. Mketisheni wima mara moja na mteremshe miguu, asilazwe. Legezeni mkanda, soksi, viatu, kila kinachobana. Tazameni kibofu: mrija umekunjika? Mfuko umejaa? Kama hatumii mpira unaokaa, mtoeni mkojo kwa mpira sasa hivi. Kama mpira umeziba, ubadilishwe. Hali isipotulia, angalieni kama kuna kinyesi kilichoziba, kwa upole na kwa jeli ya ganzi ikiwepo, kwa sababu kuchokonoa kunaweza kuipandisha presha zaidi. Kisha ngozi: kidonda, kucha iliyoingia nyama, kitu alichokalia. Pimeni presha kila dakika 2 hadi 5. Namba ya juu ikifika 150 au kuzidi, au chanzo kisipopatikana, ni dharura. Kimbilieni hospitali na ile karatasi ya hatua ya kwanza mkononi, kwa sababu yupo atakayewaambia presha hiyo si mbaya. Mwonyesheni namba yake ya kawaida na msing'oke.

Mambo mawili hayasemwi vya kutosha. Mwanaume anayetumia vidonge vya nguvu za kiume kama sildenafil amwambie daktari katika dharura hii, maana dawa za nitrati zinazotumika kushusha presha haziendi pamoja navyo. Na mjamzito mwenye jeraha la juu anaweza kupata hali hii uchungu ukianza, ikadhaniwa kuwa kifafa cha mimba. Wakunga wake waelezwe mapema.

Hatua ya saba: mabega

Mabega yako sasa ndiyo yanayokubeba, na hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Sukuma gurudumu kwa mkono mrefu, laini, kisha uuachie ushuke chini kabla ya kusukuma tena. Misukumo mifupi ya harakaharaka huyachosha. Ukihama kutoka kitandani, funga breki, sogea mbele ya kiti, kichwa kielekee upande ulio kinyume na unakokwenda, na utumie ubao wa kuhamia. Punguza idadi ya kuhama kwa siku. Msaidizi asimvute aliyeumia kwa makwapa kamwe.

Misuli, maumivu, joto

Miguu kuruka na kukakamaa ni kawaida, na kunyoosha viungo kila siku kunasaidia. Ikizidi ghafla, tafuta chanzo kwanza: mkojo, choo, ngozi, ukucha. Maumivu ya kuungua mahali pasipo na hisia ni ya kweli, yanatoka kwenye mishipa ya fahamu, na yana dawa zake kama gabapentini na amitriptilini. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havifui dafu. Aliyeumia juu hatoki jasho vizuri chini ya jeraha, kwa hiyo jua kali linampandisha joto haraka: kivuli, maji, kitambaa kilicholowa shingoni. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, hasa miezi mitatu ya mwanzo, huenda damu imeganda. Usiukande, nenda hospitali. Mguu uliovimba baada ya kuanguka kidogo tu huenda umevunjika, kwa kuwa mifupa isiyobeba uzito hudhoofika.

Hatua ya nane: watu wa nyumbani

Mke anayemtoa mumewe choo asubuhi, jioni ya siku hiyohiyo anatarajiwa awe mke. Mama anamwogesha kijana wa miaka 25. Haya yanaumiza pande zote mbili, na kunyamaza kunayazidisha. Ushauri wangu: kazi za mwili zipewe saa zake na zikiisha ziishe. Kama kuna mtu mwingine anayeweza kukusaidia haja kubwa, ndugu au mhudumu, mwenzi apumzike katika hilo hata siku chache kwa wiki. Aliyeumia afanye mwenyewe kila anachokiweza, hata kikichukua nusu saa. Kumvalisha shati mtu anayeweza kujivalisha ni kumnyang'anya.

Maamuzi ya nyumba yarudi kwako. Ada, wageni, ugomvi wa watoto: uliyekuwa ukiulizwa kabla ya kuumia uendelee kuulizwa. Wageni waseme nawe, wasiseme na anayekusukuma.

Tendo la ndoa linawezekana, ingawa litabadilika. Mwaga kibofu kabla, ongeeni, jaribuni bila haraka. Mwanamke anaweza kukosa hedhi kwa miezi michache baada ya kuumia, lakini uwezo wake wa kupata mimba kwa kawaida hubaki. Asiyetaka mimba ajikinge, na kabla ya vidonge vya homoni aulize kuhusu hatari ya damu kuganda. Mwanaume mara nyingi huhitaji msaada wa daktari kupata mtoto, na msaada upo.

Kuna siku utakataa kuamka. Huzuni ina haki yake. Lakini wiki mbili mfululizo bila usingizi, bila hamu ya kula, bila kutaka kuona mtu, ni ugonjwa unaotibika, na mtu akisema hataki kuishi achukuliwe kwa uzito siku hiyohiyo. Mtafuteni mwenzenu aliyeumia miaka kadhaa iliyopita. Mtu anayekwenda kazini na kiti chake atakujibu maswali ambayo daktari hana majibu yake, kama vile anafanyaje kwenye basi.

Hatua ya tisa: kutoka, na kurudi kliniki

Toka nyumbani mapema, safari fupi kwanza. Kwenye mfuko wa kiti weka mipira ya mkojo ya ziada, glovu, nguo ya kubadilisha, maji, pampu ya tairi na nakala ya ile karatasi. Andika na saa ya mwisho uliyomwaga mkojo, maana mazungumzo yakinoga saa sita hupita.

Kliniki nenda hata ukijiona mzima. Figo na kibofu vipigwe ultrasaundi kila mwaka, kwa kuwa mawe na mkojo kurudi juu havina maumivu kwako. Mto wa kiti ukaguliwe: ingiza kiganja chini ya mfupa wa kukalia, na kama mfupa unagusa ubao, mto umekufa. Na ukiona kukosa hisia kunapanda juu zaidi, mkono uliokuwa mzima unapoteza nguvu, au maumivu mapya ya shingo yanayozidi ukikohoa, miezi au hata miaka baada ya kuumia, usikubali kuambiwa ni jeraha lilelile la zamani. Uvimbe wa maji unaweza kujijenga ndani ya uti. Omba kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku.